Kitabu Kilichofungwa Kamba

Kulow alikuwa mtu asiyejua kukaa. Asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuwa ameshawazunguka ngamia wake mara mbili. Akikaa mkekani, goti linacheza. Akisimama, anatafuta kazi, na asipoipata anaiunda. Mkewe, Amino, alizoea kumwambia, "Kaa chini, mume wangu, unachosha hata macho yangu." Kulow hukaa. Humeza mafunda matatu ya chai, kisha huyo, ameinuka tena.

Lakini Desemba ile ya mwaka 1996, hangaiko lake lilikuwa la namna nyingine. Mvua ilikuwa imepita juu juu tu. Malisho karibu na Griftu yalikuwa yanakwisha. Hilo peke yake lingetosha kumnyima mfugaji raha. Kulow alikuwa na jambo la pili. Nyumbani kwake kulikuwa na kitabu.

Kitabu kilikuwa cha shule. Binti yake, Ruweyda, alikuwa anasoma darasa la saba katika shule ya bweni pale Griftu. Siku ya kufunga shule, mwalimu wake, Mwalimu Nkirote, mwanamke wa Meru, aliwapa wanafunzi vitabu vya hadithi. Kila mmoja kitabu kimoja. Aliwaambia wakisome nyumbani wakati wa likizo. Siku ya kufungua shule, kila mwanafunzi angesimama mbele ya darasa na kueleza alichosoma. Atakayeshindwa angerudia darasa la saba.

Kurudia darasa si mwisho wa dunia, kwa watu wengine. Kwa Kulow ulikuwa mwisho kabisa, na sababu ilikuwa ulimi wake mwenyewe. Kaka yake, Abdiwahab, hakupenda msichana aende shule. Siku moja, mbele ya watu waliokuja kunywesha mifugo, Abdiwahab alimchokoza na kumchokoza. Aliuliza mbuzi watachungwa na nani. Aliuliza kama Ruweyda atakuwa waziri. Kulow alipandwa na hasira, akasema, "Siku Ruweyda atakaporudishwa darasa, nitamtoa shule kwa mkono wangu mwenyewe."

Watu zaidi ya kumi walisikia. Na huku kwetu, mwanamume akisema neno mbele ya watu, halimezi tena. Kulow alijua hivyo, na Ruweyda alijua pia. Kwa hiyo shule yote ya msichana yule ilikuwa imeshikwa na kitabu kimoja chembamba, cha kurasa hamsini na mbili.

Siku ya kwanza ya likizo, Ruweyda alikaa kivulini mwa nyumba yao ya mikeka, akafungua kitabu, akaanza kusoma kimya. Kulow alipita. Akarudi. Akasimama.

"Mbona sikusikii?" akauliza.

Ruweyda alimwambia anasoma kwa macho. Kulow hakuelewa. Kusoma gani kusiko na sauti? Yeye alisoma dugsi, chuo cha Kurani, tangu ana miaka sita. Pale mtoto huandika aya kwenye ubao, anazisoma kwa sauti mpaka koo linakauka, na akizishika zote kichwani ndipo ubao unaoshwa na anaandikiwa nyingine. Hakuna kurukia mbele. Hivyo ndivyo Kulow alivyoshika juzuu kumi na tano, na hadi leo hajapoteza hata moja. Kwake yeye, huko ndiko kusoma. Haya mengine ni kuangalia karatasi.

Basi akaamua kumsaidia binti yake. Na hapo ndipo alipoharibu, masikini, kwa mapenzi yake yote.

Alichukua kamba nyembamba ya katani, akazifunga pamoja kurasa zote zinazofuata, akaacha ukurasa wa kwanza tu. "Huu ukiushika," akasema, "nitakufungulia wa pili." Ruweyda alitaka kusema kwamba shuleni hawasomi hivyo. Lakini alimwona baba yake alivyokunja uso kwa hofu, akanyamaza. Pengine baba anajua, alifikiri. Baba ana juzuu kumi na tano.

Tangu siku hiyo, nyumba ile haikuwa na utulivu. Ruweyda alisoma ukurasa kwa sauti akitembea nyuma ya mbuzi. Aliusoma akisukasuka maziwa, na akikusanya kuni. Jioni baba yake alimsimamisha na kumsikiliza. Kulow hakujua kusoma maandishi ya shule, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Ila sikio lake lilikuwa kali. Alikuwa ameusikia ule ukurasa mara mia, kwa hiyo Ruweyda akisita kidogo tu, alimrudisha mwanzo. Ikawa hata Kulow mwenyewe anautamka akikamua ngamia. Amino alisema sasa ana vichaa wawili.

Wiki ya kwanza walimaliza kurasa tano. Wiki ya pili, nne. Kurasa zilizidi kuwa ndefu, na zile alizokwisha kuzishika zilianza kumtoroka Ruweyda, ikabidi azirudie. Kulow alihesabu siku kwa vidole, akazihesabu tena, na kila mara zilikuwa chache. Alianza kufoka. Ruweyda alianza kulia kichinichini, akiwa malishoni, mahali ambapo mbuzi tu walimwona. Kitabu ambacho alikipokea shuleni kwa furaha, sasa alikichukia. Alitamani mbuzi wakile.

Katikati ya Desemba maji yaliisha. Walibomoa nyumba, wakapakia mikeka na vibuyu juu ya ngamia, wakahama. Walitembea siku mbili mpaka mahali penye kisima cha injini. Njia nzima Ruweyda alikuwa akikariri ukurasa wa kumi na moja. Njia nzima ulikuwa haushikiki.

Mahali pale penye kisima aliishi binamu yake Kulow, mwanamke aitwaye Bishara. Watoto wa Kulow walimwita eeddo, yaani shangazi. Bishara alisoma hadi kidato cha pili, na sasa alikuwa mwalimu wa ngumbaru. Kila alasiri aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, chini ya paa la mabati karibu na kisima. Alikuwa na maneno mengi na hakumwogopa Kulow hata kidogo. Walikua pamoja. Alimjua tangu akiwa hana meno ya mbele.

Siku ya pili baada ya kufika kwao, Bishara alikuja na sukari na majani ya chai kuwasalimu. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watu na mifugo. Ndipo alipokiona kitabu.

"Kulow," akasema, "hiki kitabu kimekosa nini hata mkakifunga kama mwanambuzi?"

Kulow alimweleza, kwa fahari kidogo. Alimweleza jinsi anavyofungua ukurasa mmoja mmoja. Alimweleza kwamba wamefika kumi na moja. Sauti yake ilipungua alipofika hapo, kwa sababu zilibaki siku kumi na saba tu. Kisha akamweleza na ile ahadi aliyoitoa mbele ya watu.

Bishara hakucheka. Alimwita Ruweyda, akamwomba amsomee kichwani ukurasa wa nne. Ruweyda alifumba macho, akausema wote bila kukosa hata neno. Kulow alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wahame.

"Mashallah," akasema Bishara. "Sasa niambie. Huyo mama mjane, nani amemchukulia ng'ombe wake?"

Ruweyda alifumbua macho. Alitafuta jibu ndani ya yale maneno yaliyopangana kichwani mwake, hakulipata. 

Bishara akamgeukia Kulow. "Na wewe? Nani amechukua ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?" akauliza Kulow.

"Huyo aliye katika ukurasa wa nne. Mmeukariri nyote wawili."

 Hata goti la Kulow lilitulia. Aliona aibu, na aibu ikamgeukia ikawa hasira. Akasema yeye hakusoma hivyo, na walimu wake wa dugsi hawakusoma hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Bishara alingoja amalize. Alikuwa amezoea wanafunzi wenye ndevu.

"Sikiliza, ndugu yangu," akasema. "Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Tunayashika kama yalivyoteremka, hatuongezi, hatupunguzi. Hapo uko sawa, na Mungu akuzidishie. Lakini hiki ameandika mtu kama mimi na wewe. Anataka kukuhadithia jambo. Mtu akikuletea habari kutoka Mandera, unakariri maneno yake, au unataka kujua kumetokea nini?"

"Nataka kujua kumetokea nini," akasema Kulow, shingo upande.

"Basi ndiyo kazi ya kitabu hiki. Mwalimu hatamwuliza maneno. Atamwuliza kumetokea nini, na kwa nini, na yeye anaonaje. Hata likizo mbili hazitoshi kukariri kurasa hamsini na mbili. Kuzisoma ni siku chache tu. Mfungulie mtoto."

Kulow alikichukua kile kitabu. Aliwaza wiki tatu zilizopotea, na machozi ya binti yake ambayo alijifanya hayaoni. Kisha akatoa kisu kiunoni akaikata kamba.

Bishara alikaa na Ruweyda siku ile ile. Alimwambia asome kwa macho, kimya, kwa mwendo wake. Akikutana na neno gumu, asikwame hapo. Aliandike kwenye kipande cha karatasi, aendelee mbele, maana mara nyingi maneno yanayofuata yatamsaidia kulielewa. Lisipoeleweka, atamwuliza Bishara kesho yake. Akimaliza kurasa tatu au nne, akifunge kitabu, na awahadithie wazazi wake kwa Kisomali, kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo atakapojua kama ameelewa. Mtu hawezi kuhadithia asichokielewa.

"Na nyinyi," akawaambia Kulow na Amino, "msikae kama mawe. Mwulizeni. Nani huyo? Kwa nini alifanya hivyo? Halafu ikawaje?"

"Mbuzi je?" akauliza Amino.

"Mbuzi watachungwa na mwenye miguu isiyotulia," akasema Bishara, akimtazama Kulow. "Baada ya sala ya alasiri mpaka jua litue, huu ni wakati wa mtoto. Mwanga upo, na kazi zake nyingine mmpunguzie. Kila siku, si leo tu."

Kulow alinung'unika, lakini alasiri ile alichukua fimbo akafuata mbuzi. Wanaume wa kisimani walimtazama wakakonyezana. Aliwapita kama hawaoni.

Jua lilipotua, Ruweyda alikaa karibu na moto akaanza kuhadithia. Mwanzoni aliona haya. Akasema kulikuwa na mama mjane wa upande wa Kisii, jina lake Kerubo. Mumewe alikufa akamwachia ng'ombe mmoja. Ng'ombe yule alikuwa amezaa ndama watatu pale pale nyumbani. Miezi miwili baada ya mazishi, shemeji yake akaja akamchukua ng'ombe. Akasema ng'ombe ni wake, kwamba alimwazima ndugu yake ili watoto wapate maziwa.

Kulow aliinuka pale alipokaa. "Ah," akasema. "Kumbe ni hivyo?"

Wiki tatu alikuwa na kesi ya mifugo kinywani mwake, na hakujua. Akaanza kuuliza. Ng'ombe aliazimwa lini? Alikuwa na alama gani? Ndama walikuwa dume au jike? Mengine Ruweyda aliyajua. Mengine hakuyajua, akakimbilia kitabu, akatafuta ukurasa kwa mwanga wa moto na kurudi na jibu. Baba yake aliuliza tena. Amino naye akauliza, shahidi ni nani?

"Hakuna shahidi," akasema Ruweyda.

"Hapo pana neno," akasema Amino.

Kesho yake Kulow aliwarudisha mbuzi mapema, kabla ya wakati. Alisema wameshiba. Hawakuwa wameshiba. Alitaka kujua kama mjane alikwenda kushtaki. Siku zilizofuata, majirani wawili, watatu, walikuja kukaa na kusikiliza. Watu walibishana juu ya ng'ombe wa Kisii kana kwamba amefungwa pale nje. Ruweyda alikuwa akisoma kurasa nne alasiri, wakati mwingine sita, kwa kuwa na yeye alitaka kujua. Ile karatasi yake ya maneno magumu ilijaa, akachukua nyingine. Siku ya kumi na mbili alimaliza.

Mwisho wa hadithi, baraza la kijiji liliamua ng'ombe abaki kwa shemeji, na ndama kwa mjane. Kulow aliukataa uamuzi huo papo hapo. Kwa wafugaji, akasema, ngamia wa kuazimwa akizaa, mzawa ni wa mwenye ngamia. Kwa hiyo shemeji alipaswa kupewa ng'ombe na ndama wote. Baraza limekosea. Ruweyda alimsikiliza. Alitaka kusema jambo, akaona usiwe ubishi na baba, akaliweka moyoni.

Siku tano zilizobaki alikisoma kitabu tena toka mwanzo, haraka haraka. Kisha Kulow akapata nafasi kwenye lori la mifugo lililokuwa linakwenda Griftu, wakapanda yeye na binti yake. Shule ilifunguliwa siku ya Jumatatu.

Wazazi wengine waliacha watoto wao langoni wakaenda zao. Kulow hakuweza. Alizunguka jengo, akalipata dirisha la darasa, akasimama nje ubavuni mwake. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Ndani, wanafunzi walikuwa wakiitwa mmoja mmoja. Mvulana mmoja alisimama akashindwa kutaja hata jina la mtu mmoja katika kitabu chake. Mwalimu Nkirote alimwambia akae upande wa watakaorudia darasa la saba. Kulow alisogea karibu zaidi na dirisha.

Kisha akasikia jina la Ruweyda.

Ruweyda alisimama. Aliona macho yote yamemwelekea, na woga ukafuta kila kitu. Kinywa kikafunguka chenyewe, na kilichotoka ni ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, kwa ile sauti ya kukariri. Kulow nje ya dirisha aliyatambua yale maneno. Alijua yataishia wapi. Yataishia ukurasa wa kumi na moja, na shule itaishia hapo hapo, na kosa ni lake. Aliegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa ikiomba.

"Simama kidogo," akasema Mwalimu Nkirote. "Hayo yameandikwa, nayajua. Wewe niambie. Baraza liliamua sawa au halikuamua sawa?"

Ruweyda akaacha kukariri, akakumbuka lile jambo aliloliweka moyoni. 

"Halikuamua sawa, mwalimu," akasema.

Kulow nje akatikisa kichwa kukubali. Barabara. Sasa aseme na ndama.

"Kwa nini?" akauliza mwalimu.

"Kwa sababu hata ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mjane. Shemeji alisema alimwazima ndugu yake. Lakini hakuleta shahidi. Na ng'ombe alikaa pale miaka sita, akazaa mara tatu, na shemeji alikuwa anakuja kunywa maziwa na hasemi kitu. Kama ni wake kweli, kwa nini alingoja mpaka ndugu yake afe, asiweze kujibu?"

 Kisha mwalimu akauliza jambo jingine, na jingine. Ruweyda alijibu yote. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, sauti ile ile ya jioni karibu na moto. Kulow nje alikuwa amefungua kinywa ili apinge kupitia dirishani. Akakifunga. Hajawahi kumsikia binti yake akipingana na baraza zima. Tena amempinga na yeye, na kwa hoja. Ilimchoma, na ilimfurahisha mpaka machozi yakamlengalenga, na hakujua lipi linazidi.

"Darasa la nane," akasema Mwalimu Nkirote. "Nenda ukakae upande ule."

Baadaye mwalimu alitoka nje, akamkuta Kulow hapo ukutani, vumbi mgongoni. Kulow akasema kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, hii kitabu mimi nilimfunga kamba. Nilikosa." Mwalimu hakuelewa. Kulow akamweleza yote, na mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema wapo wazazi wengi wanaofanya vivyo hivyo, na hajui namna ya kuwaambia. Kulow akasema yeye atawaambia.

Alipofika soko la mifugo, kaka yake Abdiwahab alikuwa pale na watu wake. Aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie, kama msichana amerudishwa.

"Amepita," akasema Kulow. "Lakini juu ya ng'ombe amekosea. Kaa chini nikueleze."

Akamhadithia kesi yote, tangu mazishi hadi baraza, kisha akaeleza na maneno ya Ruweyda, kwa haki, bila kuyapunguza. Watu walisogea. Abdiwahab alisikiliza akichora chini kwa fimbo. Mwishowe akainua kichwa.

"Alingoja mpaka ndugu yake afe?" akauliza.

"Ndiyo."

Abdiwahab alimtazama mdogo wake. "Basi msichana ana haki," akasema. "Wewe ndiye umekosea."

Likizo ya Aprili, Bishara aliwakuta watoto wanne wamekaa na vitabu alasiri karibu na kisima, na wanaume wazima wakichunga mbuzi wao. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Abdiwahab. Binti yake, Ugbad, alikuwa ameandikishwa darasa la kwanza Januari ile, na hakuweza kusoma zaidi ya maneno matatu. Abdiwahab alimwuliza kila jioni maneno yale matatu yanasema nini.